Kikombe cha mukene: mwongozo wa kuokota mafunzo ya imani katika kazi na huduma ya kila siku

Ukiishi Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, na ukawa na Kiswahili cha kusomeka, siku moja utaambiwa utoe neno kwenye ibada ya Jumatano. Kwenye ibada yetu wapo Wasamia, Wateso, Waganda, askari waliohamishwa kutoka kaskazini, na madereva wa malori wanaongoja karatasi zao zipite forodhani. Lugha inayotufikia sote ni Kiswahili, kwa hiyo mwenye nacho haponi. Mara ya kwanza niliarifiwa Jumanne jioni kwa ajili ya Jumatano, nikakesha nikipekua Biblia huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Neno nililotoa silikumbuki hata mimi.

Tangu hapo nimejifunza njia nyingine, na ndiyo ninayoieleza hapa. Wala si mpya. Katika Mithali 24, kuanzia mstari wa 30, mtu anapita kando ya shamba la mvivu. Anaona miiba imeota na ukuta wa mawe umebomoka. Anatazama, anafikiri, ndipo anapata mafundisho. Mpangilio huo ndio nitakaoufuata: kuona, kufikiri, kisha funzo. Wengi wetu huanza na funzo tulilokwisha kulijua, halafu tunazunguka sokoni kulitafutia mfano, kama fundi anayekata kitambaa kabla ya kumpima mtu.

Hatua ya kwanza: chagua kitu kimoja, ukitazame mpaka mwisho

Usitafute jambo kubwa. Ajali, mafuriko na misiba vina kelele zao, na mara nyingi vinatufanya tuseme haraka. Chagua kitu unachokiona kila juma mpaka umeacha kukiona.

Mimi nilichagua kikombe cha mukene. Mukene ni wale samaki wadogo wa ziwani ambao majirani zetu wa ng'ambo ya geti huwaita omena, na watu wa Mwanza dagaa. Yuko mama mmoja sokoni ninayenunua kwake. Siku hiyo, badala ya kumpa pesa huku natazama simu, nilimtazama mikono. Alichota kikombe kikajaa. Akakigonga mezani mara mbili, samaki wakashuka, pakabaki nafasi ya kidole. Akajazia. Akashindilia kwa kiganja, akatikisa, akaongeza tena mpaka kikawa na kichuguu juu na samaki wawili watatu wakaanza kuteleza na kuangukia gazeti alilotandika. Ndipo akamimina kwenye kavera, mfuko wa plastiki.

"Mama, na nyongeza?"

"Mwalimu, na hicho kilichomwagika kilikuwa nini?" Lakini akatupia vidole vitatu vya samaki hata hivyo.

Ukishapata kitu chako, kiulize maswali ya kawaida kabisa. Mikono inafanya nini, na kwa mpangilio gani? Kuna kitu kinachofanywa mara mbili ambacho mara moja ingetosha? Nani analipa, nani anangoja? Nani yupo hapo ila hakuna anayemwona? Swali hili la mwisho ndilo hunipa zaidi. Nenda kwenye kisima cha pampu wakati wa kiangazi utaona mstari wa majerikeni ya lita 20, wenyewe hawapo. Jerikeni linashika zamu. Lakini jerikeni halina miguu. Mstari ukisogea, kuna mtu aliyebaki pale, mara nyingi ni mtoto au bibi, anayeyasukuma mbele yale ya wasiokuwepo, moja moja, kwa mguu. Nimechota maji pale miaka mingi bila kujiuliza nani alilisogeza langu. Wafilipi 2:4 inasema kila mtu aangalie na mambo ya wengine, na mimi nilikuwa naisoma kana kwamba inawahusu watu wenye miradi.

Wewe mwenye bodaboda usiseme kazi yako haina cha kutazama. Jina lenyewe la bodaboda limezaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli za kuvusha watu. Kaa stejini asubuhi moja utazame zamu inavyotunzwa, na inavyoibiwa.

Hatua ya pili: andika siku hiyo hiyo

Nunua daftari la kurasa 48. Lile kubwa halitajaa, na daftari lisilojaa linakatisha tamaa. Andika kabla ya kulala, mistari mitano inatosha, na katika mistari hiyo usiandike funzo lolote. Andika ulichoona tu. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mkono wa mtu wa kanisani umezoea kukimbilia "Bwana alinifundisha kwamba". Uzuie.

Hivi ndivyo nilivyoandika siku ile ya soko:

"Jumatano. Mama wa mukene. Amegonga kikombe mara mbili, ameshindilia, ametikisa, amejaza mpaka vikamwagika. Meza ya tatu kutoka kwake kuna kikopo kilichogongwa kitako kikaingia ndani. Watu wananunua kote kuwili. Nimedai nyongeza. Sikuwa na chenji."

Ile sentensi ya kikopo kilichobonyea niliiandika bila kujua itanifaa nini. Kwa nje ni kikopo kizima, kwa ndani kimepungua vidole viwili. Ningeiacha kama ningekuwa nimeshaamua funzo langu ni ukarimu. Na ile ya chenji usiisahau, nitairudia.

Hatua ya tatu: tafuta andiko, kisha usome yaliyolizunguka

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo tunapoharibu.

Asubuhi ya siku ya pili nilifungua Luka 6:38. Mtu yeyote aliyenunua kitu kwa kikombe akiusoma mstari huo atacheka: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Ni yule mama mtupu! Bila shaka aliyesema maneno hayo aliwahi kusimama sokoni akitazama mikono ya wauzaji kama nilivyosimama mimi. Nikafurahi, nikaanza kupanga neno langu: toa, nawe utapewa, tia kikubwa kwenye sadaka, Bwana atakujazia mpaka imwagike. Umelisikia neno hilo mara ngapi? Mimi nimelisikia likihubiriwa kwa spika kubwa kwenye mikutano ya hadhara kutoka hapa mpaka Jinja.

Kisha nikasoma mstari uliotangulia. Mstari wa 37 unasema msihukumu, msilaumu, achilieni nanyi mtaachiliwa. Na mwisho wa 38 wenyewe unasema kipimo kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Baada ya hapo anaanza habari ya kipofu kumwongoza kipofu, na ya kibanzi na boriti. Mazungumzo yote yale ni juu ya namna ninavyompimia mtu kosa lake. Fedha zinaweza kuingia humo, kwa kuwa kutoa ni kutoa, lakini si mlango alioingilia. Kumbe kikombe kinachoulizwa ni hiki: jirani akinikosea, nampimia huruma kwa kile cha yule mama, au kwa kile chenye kitako kilichobonyezwa? Hapo ndipo ile meza ya tatu ilipopata kazi. Nikaenda na Mithali 11:1 juu ya mizani ya hadaa, nikaona kwamba nimekuwa nikiwakasirikia wenye vikopo vile kwa miaka, na kumbe ninacho changu kifuani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kusoma angalau mistari kumi kabla na kumi baada. Ukiweza, soma sura nzima. Funzo lako likivunjika kwa kufanya hivyo, liache livunjike.

Kwa kutafuta, kitabu cha itifaki ya Biblia, kinachoorodhesha maneno na mistari yanamopatikana, kinasaidia, na programu ya Biblia kwenye simu hutafuta neno kwa haraka zaidi. Tafuta kitu, usitafute wazo. Ukiandika "upendo" utazama. Andika "makaa". Nilifanya hivyo jioni moja nikiwa nimechuchumaa mbele ya sigiri, jiko letu la makaa, iliyokataa kuwaka, nikapata jambo ambalo miaka yote sikuliona. Katika Yohana 18:18 Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na hapo ndipo anapokana. Katika Yohana 21:9 wanafunzi wanashuka pwani wakiwa wamechoka, wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Neno la Kigiriki la moto wa namna hiyo liko mahali hapo pawili tu katika Agano Jipya lote. Usiku wa makaa yale alikana mara tatu, na kando ya makaa anaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Mtu anayepikia gesi atasoma apite. Sisi tunaojua jinsi moshi wa makaa unavyokaa kwenye nguo mpaka kesho yake tunaweza kufikiri Petro alinusa nini alipofika pwani.

Lakini angalia: si kila sigiri ina Petro ndani yake. Siku nyingine makaa ni mabichi, basi. Ukilazimisha kila kitu kiseme, watu wataanza kukukwepa kwenye chai.

Hatua ya nne: funzo linakudai nini?

Kabla ya kulitoa kwa watu, lipitishe kwako. Katika nchi hii tuna urithi mzuri juu ya hilo. Uamsho ulioenea Rwanda na Uganda miaka ya 1930, uliotupa neno "walokole", ulijulikana kwa watu kuungama hadharani na kurudisha walivyoiba au walivyokopa wakanyamaza. Mtu alikuwa hasemi tu kwamba ameguswa. Alikwenda na mbuzi wa watu mkononi.

Mimi sikuwa na mbuzi. Nilikuwa na jirani ambaye sikuwa nimesalimiana naye kwa miezi mitatu kwa ajili ya toroli langu, aliloliazima likarudi na gurudumu limepinda. Luka 6:37 ikanikaba. Nikaahirisha siku mbili, kisha nikaenda jioni, nimejipanga maneno ya kusamehe.

"Karibu, mzee," akasema. "Umepotea. Ulikuwa umesafiri?"

Hakuwa amejua kwamba nimemkasirikia. Miezi mitatu nilikuwa nimembeba mtu ambaye alikuwa nyumbani kwake anakula vizuri. Maneno yangu ya kusamehe sikuyatoa kabisa, yangekuwa matusi. Tulikunywa chai, tukazungumzia bei ya mahindi.

Ukijiuliza linakudai nini na ukakuta halikudai kitu, bali linamdai mke wako, au kijana wa jirani, au serikali, liweke kando kwanza.

Hatua ya tano: ukienda kuhudumu, daftari libaki nyumbani

Hatua hii inageuza zile za juu, lakini usiiruke. Sokoni unaweza kutazama kwa makusudi. Kwenye huduma, mtu ukimtazama kwa makusudi ya kupata neno la Jumatano, atajua. Mgonjwa si ukurasa.

Chukua kuwatembelea wagonjwa. Hospitalini kwetu mgonjwa anategemea wa nyumbani kwa karibu kila kitu kisicho dawa: kupika, kufua, kuoga, kukimbilia maji. Kwa hiyo kuna wagonjwa wawili kitandani pale, mmoja amelala juu na mwingine analala chini kwenye mkeka, na wa chini ndiye hakuna anayemwombea. Tunayofanya sisi ni haya. Tunakwenda wawili, kamwe si wanane. Tunamsalimu kwanza anayemuuguza, tunamwambia aende akaoge au akalale saa moja, tutakaa sisi. Tunabeba uji kwenye chupa ya chai, sabuni ya mche, jerikeni dogo, na beseni kama lao limevunjika. Hatumuulizi mtu "Nikusaidie nini?" kwa sababu atasema hapana kwa heshima. Tunauliza, "Nguo za kufua ziko wapi?" Tunaomba kwa sauti ya chini, kwa ufupi, wakitaka, maana kitanda cha pili yupo Mwislamu au mtu anayetaka kulala. Hatukai kitandani. Tunaondoka kabla hatujachosha.

Funzo likija, litakuja likikukuta njiani unarudi, au baada ya mwaka. Mzee mmoja alikataa katakata nisimfulie shuka. "Wewe ni mwalimu wangu, haiwezekani." Niliona ni unyenyekevu, nikamsifu moyoni. Malaria iliponilaza mimi, akaja kijana wa kwaya, akachukua beseni lenye matapishi yangu. Nikamwambia aache, aache! Nikajisikia nasema sauti ile ile ya yule mzee. Ndipo Yohana 13:8 iliponifungukia, Petro anaposema hutanitawadha miguu kamwe, na Bwana anamjibu kwamba asipomtawadha hana shirika naye. Miaka yote nilikuwa nikiifundisha sura ile kwa upande wa mwenye beseni.

Au chukua mahujaji. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni wanapita hapa kwa miguu kutoka Kenya kwenda Namugongo, kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kutoka mpakani mpaka Kampala ni karibu kilomita 200. Mwaka wa kwanza tulipoamua kuwapokea, tulipanga wimbo, sala ya kuwakaribisha na neno fupi juu ya kikombe cha maji ya baridi, Mathayo 10:42. Wakasimama juani wakatusikiliza kwa adabu. Tulipomaliza, mama mmoja mtu mzima akauliza kwa upole, "Wanangu, choo kiko wapi?"

Mwaka uliofuata tuliweka choo safi, maji ya chumvi ya kuloweka miguu, na kivuli. Neno hatukutoa.

Kwa wenye karakana na cherehani

Hapa nitapita haraka. Fundi mara nyingi huniambia, "Mimi sina elimu ya Biblia, nina spana." Namkumbusha Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878. Alikuwa mhandisi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa chuma, mbao na matbaa. Watu walimwendea wakitaka kuona anachotengeneza, wakaondoka wamejifunza kusoma. Na walichoanza kusoma siku zile kilikuwa cha Kiswahili, kabla Maandiko hayajapatikana kwa Kiganda. Ukishona suruali ambayo pindo lake la ndani hakuna atakayeliona, na ukalishona vizuri, tayari umeshasoma Wakolosai 3:23, juu ya kufanya kazi kwa moyo, kwa vidole.

Hatua ya sita: kulitoa kwa watu

Sasa ni Jumatano. Dakika tano, saba zikizidi. Anza na kikombe, usianze na "Bwana asifiwe, nina mambo matatu". Waambie umeona nini, mkono ulifanya nini. Ukiweza, kibebe kikombe chenyewe. Kisha soma andiko. Kisha sema lilikudai nini wewe. Halafu kaa chini. Kama kilichoonwa kimeonwa vizuri, watu watamaliza wenyewe, na watakachomalizia kitakuwa cha kwao.

Ukiwa na mkalimani, sema sentensi fupi umwachie. Na maneno ya kuchezea sauti yaache. Niliwahi kujenga neno zima juu ya "mzigo" na "mzingo", mkalimani akanitazama, akayasema yote mawili kwa Kisamia kwa neno moja, akakaa kimya akiningoja.

Lililo zito zaidi ni habari za watu. Hapo niliumiza mtu, nalisema ili wewe usilirudie. Nilisimulia kwenye ibada shida ya dada mmoja niliyemtembelea, bila kutaja jina. Nilidhani kutotaja jina kunatosha. Lakini Busia ni mji mdogo. Nilipotaja mtoto wa pili na mtaa, wote walijua. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Hakutoka. Aliinamisha kichwa tu mpaka mwisho. Nilimwendea kesho yake kuomba radhi akanipokea, lakini hajawahi kuniambia tena jambo lolote la kwake, na ni haki yake.

Kwa hiyo omba ruhusa kabla. Si ruhusa ya "nikutaje?" tu, bali mwambie utakavyosimulia, neno kwa neno, aweze kukukatalia. Akisita, amekataa. Na kama ni mtoto, au mtu uliyemkuta hospitalini, au mtu anayekutegemea kwa msaada, usimuulize kabisa, kwa maana hawezi kukukatalia kwa uhuru. Simulia yako.

Hata kwa mama wa mukene nilikwenda. Nilichelewa, neno nilikuwa nimeshalitoa na habari zilikuwa zimemfikia kupitia wateja. Nilimkuta anapanga vikombe. Nikamweleza yote: Luka, kipimo, kushindiliwa, kumwagika, jinsi watu walivyobarikiwa kwa habari ya mikono yake. Akasikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Ni vizuri, Mwalimu," akasema. "Kwa hiyo umenihubiri Jumatano nzima, na ile 500 yangu ya juma lililopita?"

Nilitoa noti ya elfu moja. Akanirudishia chenji.